Mitungi miwili Ziwa Nyasa: nichukue BCD ya aina gani?

Kijana wa Lyulilo

Wakuu habari za leo. Walionizidi umri, shikamooni.

Naomba msaada wa wazamiaji. Nipo Matema, Kyela. Kazi yangu ni ya majini: nasaidia watu wanaopiga picha na kuhesabu samaki wa kwenye mawe kule Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, na kazi hiyo ikikatika nafanya vibarua vya kutafuta injini za boti zilizodondoka na nyavu zilizonasa. Mpaka sasa nazama na mtungi mmoja wa alumini na jaketi la kawaida, lile lenye mifuko pembeni. Sasa kazi mpya inataka nikae mita 25 hadi 30 kwa muda mrefu zaidi, na bosi amekubali tuhamie mitungi miwili. Mafunzo nakwenda kuyafanya pwani mwezi ujao, hilo limeshapangwa, kwa hiyo msinipigie kelele.

Kinachonisumbua ni BCD, kile kifaa cha kujaza hewa kinachokufanya uelee au utulie majini. Muuzaji mmoja niliyewasiliana naye kwa WhatsApp ananishauri nichukue bawa, yaani mfuko wa hewa unaokaa mgongoni, kubwa kuliko yote aliyonayo, la kunyanyua kilo 40 na ushee, lina mipira ya kulibana lisitawanyike likiwa tupu. Anasema mitungi miwili ni mizito, kwa hiyo "kubwa ndiyo salama". Mwenzangu naye anasema jaketi nililonalo linatosha, nifunge tu mitungi miwili kwa mikanda. Huyohuyo ameniletea habari ya jozi ya mitungi ya chuma ya lita 12, imetumika, bei nzuri sana.

Maji ya huku mnayajua, si ya baridi, ila navaa wetisuti ya milimita 5 kwa sababu nakaa sana chini. Bajeti ya bawa, bamba na mikanda haizidi milioni mbili na nusu.

Nichukue nini?

Mwakaleli

Mitungi miwili, mita 30... Sema ukweli, kijana, unaenda ziwa Kisiba pale Masoko kutafuta hela za Mjerumani zinazosemekana kuzama humo. Ukizipata usitusahau.

Mzamiaji wa Mafia

Hahaha, kuna mtu kila mwaka lazima aulize hizo hela.

Mkuu, hilo la jaketi lisahau. Jaketi la mtungi mmoja mgongo wake ni wa plastiki na mkanda wake umetengenezwa kuzunguka mtungi mmoja. Ukilazimisha miwili itakaa mbali na mgongo, itayumba kushoto na kulia, na ukilala upande inakupindua.

Unachohitaji ni bamba la mgongoni, utepe mmoja mrefu wa mikanda unaopita kwenye matundu ya bamba, na bawa lililotengenezwa kwa mitungi miwili. Mabano ya mitungi yana bolti mbili, zinapita kwenye bawa, kisha kwenye bamba, unakaza nati. Umbali wa bolti ni sentimita 28 katikati hadi katikati, karibu watengenezaji wote wanafuata hicho kipimo, lakini unene wa bolti hutofautiana, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Usinunue bawa la mtungi mmoja ukidhani utalitumia kwenye miwili. Ni jembamba, mitungi inalikandamiza na hewa haipiti. Na la miwili ukilivaa na mtungi mmoja linajikunja kuzunguka mtungi kama chapati.

Mipira ya kubana achana nayo. Bawa likitoboka, ile mipira inakamua hewa itoke haraka zaidi, na kulipuliza kwa mdomo ni kazi.

Kuhusu chuma au alumini, mimi ningebeba hiyo jozi ya chuma bila kufikiri mara mbili, hewa ni nyingi, halafu ningenunua bawa la mifuko miwili ya hewa. Mmoja ukifa unatumia mwingine. Kazi imeisha.

Dada Mapezi

Kijana wa Lyulilo, ugonile. Mimi ni mtu wa Ipinda, nimefanya kazi Mafia na Pemba kabla sijarudi nyumbani, na hayo mawe ya Ikombe nayajua vizuri. Kaka wa Mafia kasema kweli kuhusu bamba, mikanda na mipira. Kwenye chuma ndipo tunapoachana.

Wewe umeuliza bawa. Bawa ni la mwisho kuchagua. Anza na mitungi na suti, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vitakavyosema bawa liwe la kilo ngapi, na muuzaji asiyekuuliza unavaa suti gani na mitungi ya nini hana anachokushauri, anakuuzia tu.

Sehemu nyingi za pwani tunakozama, bawa likikufia kuna mchanga chini, unatua, unajipanga, unapanda taratibu. Huku kwetu ile milima haiishii ufukweni. Inaendelea kushuka chini ya maji. Ziwa lina kina cha mita 700 na kitu, na upande huu wa Livingstone ukisogea kidogo tu kutoka kwenye mawe, chini ni giza. Hakuna pa kutua. Kwa hiyo swali langu kwa yeyote anayekuja na vifaa vipya ni moja: umeshuka sasa hivi, mitungi bado imejaa, uko mita 30, bawa limepasuka. Utapanda kwa mapezi yako?

Sasa hesabu. Kalamu na karatasi, haina ugumu.

Hewa ina uzito. Lita moja ya hewa ya kawaida ni gramu 1.2 hivi. Jozi ya mitungi ya alumini, ile ya lita 11 na kidogo kila mmoja, ikijazwa kwa shinikizo la bar 200 ina lita kama 4,400, yaani zaidi ya kilo 5 za hewa. Unaanza na hizo kilo 5 mgongoni na unazipumua zote mpaka zinaisha. Kwa hiyo risasi (vile vipande vya uzito) unazofunga kiunoni zinapimwa kwa mwisho wa safari, mitungi ikiwa karibu tupu, ili uweze kusimama mita 3 au 5 bila kurushwa juu. Maana yake mwanzo wa safari lazima uwe mzito kwa kilo hizo 5. Hilo halikwepeki kwa yeyote.

Jambo la pili ni suti. Wetisuti inaelea kwa sababu ya vipovu vilivyomo kwenye mpira wake. Ukishuka, vinabanwa. Mita 30 kilichobaki ni robo hadi theluthi ya ulichokuwa nacho juu. Suti yako ya milimita 5 inanyanyua kilo ngapi? Usiniambie za kitabuni, pima. Chukua mfuko wa wavu, ule wa vitunguu unafaa, tia suti ndani na uikande majini mpaka hewa iliyonasa mikononi na miguuni itoke yote. Kisha ongeza vipande vya risasi kimoja kimoja mpaka mfuko uzame taratibu. Kilo za risasi ulizotia ndizo suti yako inazonyanyua. Pimia ziwani hapohapo unapofanyia kazi, maana maji chumvi yanabeba zaidi ya maji baridi kwa asilimia 2 au 3 hivi, na mtu aliyezoea Zanzibar akija na risasi zake zilezile huku anazama kama nanga.

Jumlisha hewa na kile suti inachopoteza. Hicho ndicho bawa lako linapaswa kukibeba ukiwa chini, halafu ongeza akiba. Kuna sharti jingine watu hulisahau: ukivua vyote juu ya maji, bawa peke yake liweze kuelesha mitungi iliyojaa, bamba, regyuleta (kifaa cha kupumulia) na taa. Ikombe tunazama kutoka kwenye mitumbwi, na mara nyingi ni mtumbwi huohuo uliobeba vyungu vya akina mama wa Kikisi kupeleka mnadani Lyulilo. Huwezi kupanda na mitungi mgongoni, utaupindua pamoja na vyungu, na mama mwenye vyungu hatakuelewa. Unajivua majini, unamfungia mwenye mtumbwi kamba kwenye pete ya bega, ndipo unapanda wewe. Kwa dakika hizo mali yako yote inashikwa na bawa na kamba ya nailoni.

Tuje kwenye chuma. Mitungi ya alumini ikiisha hewa inaelea, kila mmoja kwa kilo moja na nusu hivi kwenye maji baridi. Ya chuma ya lita 12, mingi yake, hata ikiwa tupu bado inazama. Jozi ikijaa, pamoja na manifoldi (bomba linalounganisha mitungi) na mabano yake, inakuvuta kilo 10 hivi au zaidi kutegemea mtengenezaji. Ongeza bamba la chuma na regyuleta. Suti yako inanyanyua labda kilo 5. Tayari juu ya maji umeshazidi uzito, na hujafunga risasi hata kipande kimoja! Ukifika mita 30 suti imenywea, wewe ni mzito kwa kilo 13 au 14, na hakuna cha kudondosha kwa sababu uzito wote ni mitungi unayopumulia. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kupiga mapezi akipanda na kilo 4 au 5 kwa muda. Kilo 14 hapandi nazo.

Wenzetu wa Ulaya wanaobeba chuma wengi wanavaa draisuti, suti isiyoingiza maji. Suti yao yenyewe ina hewa, bawa likifa wanajaza suti. Wewe ukivaa draisuti kwenye maji ya Matema utaiva kabla hujashuka.

Na alumini? Mwanzoni, mita 30, mitungi imejaa, utakuwa mzito kwa kilo 8 au 9. Lakini kati ya hizo 4 au 5 ni risasi za kiunoni. Unafungua bakoli (kifungo cha mkanda), zinakwenda, unabaki na kilo 4. Unapanda.

Kwa hiyo ushauri wangu ni jozi ya alumini, bamba jepesi la alumini, na bawa la mduara kamili la kilo 18 hadi 20. Nasema la mduara kwa sababu hewa inazunguka pande zote mbili hata chini kiunoni, ukiinama kuchungulia chini ya jiwe haikwami upande mmoja. Bawa la kilo 40 kwako ni kitambaa cha kupepea tu, linanasa hewa kwenye mikunjo, na kitufe kikikwama likajijaza lenyewe litakurusha juu na nguvu zake zote 40.

Mzamiaji wa Mafia

Dada hesabu zako nazikubali. Ila hujajibu la mifuko miwili. Chuma na mifuko miwili ya hewa, tatizo limeisha. Mmoja umepasuka, mwingine huo hapo.

Dada Mapezi

Kaka, sijasema haifanyi kazi. Kwa mtu aliyelazimika kubeba chuma na wetisuti, ndiyo njia iliyobaki, na avae hiyo. Ila inakuja na kazi yake. Una mipira miwili ya kujazia, vitufe viwili, na mifuko yote miwili iko ndani ya ganda moja. Mfuko wa pili ukianza kupenyeza hewa polepole wewe hujui ni upi unaokuinua, unabonyeza kutoa hewa kwenye ule uliozoea na bado unapanda. Wengine hawaunganishi mpira wa pili ili usijijaze, ndipo siku ya shida anapapasa gizani aunganishe huku anashuka. Halafu bei. Kwa milioni mbili na nusu kijana akinunua la mifuko miwili, mikanda atanunua na nini?

Mzamiaji wa Mafia

Hapo kwenye bei sina hoja.

Fundi Kompresa

Niko Iringa, nimeshughulika na kompresa za wazamiaji miaka mingi, naongezea ya upande wangu.

Hiyo jozi ya "bei nzuri sana", kijana, umeuliza muhuri? Kwenye bega la mtungi kumegongwa tarehe za kupimwa kwa shinikizo la maji. Nchi nyingi zinataka kipimo hicho kila baada ya miaka 5, na kufunguliwa kuangaliwa ndani kila mwaka. Mtungi wa chuma uliowahi kuingia maji unaota kutu ndani huku nje rangi inang'aa. Kama mwenye mali hataki ufungue vali uchungulie na tochi, bei yenyewe imeshakueleza. Alumini nayo ina yake: ile iliyotengenezwa kwa aloi ya 6351, ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ina historia ya kupasuka shingoni. Vituo vingi haviijazi. Soma maandishi ya begani.

Jambo jingine, kama kompresa yenu inakomea bar 200, mitungi ya chuma ya bar 232 hutaijaza kamwe. Unabeba chuma chote hicho na hewa nyingi kama unayoitarajia huipati.

Na hili halihusu bawa ila litawahusu nyinyi wote mnaozama huko na kulala Mbeya. Ziwa lenu liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Jedwali za kawaida za kupangia muda wa kuzama ni za baharini, ukishapita mita 300 unatakiwa kutumia za miinuko au kuiambia kompyuta ya kuzamia uko wapi. Kubwa kuliko hilo ni barabara. Kutoka Kyela unapanda Tukuyu, unapita Isyonje penye zaidi ya mita 2,000, ndipo unashuka Uyole. Kwa mwili uliojaa naitrojeni ya hewa uliyopumua chini, ambayo hutoa vipovu mwilini ukipanda juu, hiyo ni sawa na kupanda ndege. Mwongozo wa wanaosafiri kwa ndege ni saa 12 angalau baada ya kuzama mara moja bila kituo cha lazima (kusimama njiani ukipanda ili naitrojeni itoke), saa 18 kama umezama mara nyingi au siku mfululizo, na kama ulikuwa na vituo vya lazima ni zaidi ya hapo. Mkianza kukaa mita 30 kwa mitungi miwili, naitrojeni inaongezeka. Mtu anatoka majini saa tisa alasiri, saa kumi yuko kwenye Coaster anakwenda Mbeya. Acheni hiyo. Laleni Matema, samaki wapo.

Kijana wa Lyulilo

Ndaga fijo wote. Hilo la Coaster limenigusa, maana Ijumaa huwa ndio mtindo wetu. Nimemtumia bosi ujumbe wa fundi kama ulivyo, na amekubali tulale.

Dada, leo asubuhi nimefanya ulivyosema. Mfuko wa vitunguu, nje ya ghati la Lyulilo, watoto wamejaa wakidhani navua. Mara ya kwanza ulizama na kilo 6 na nusu, nikashtuka, kumbe mkono mmoja ulikuwa na hewa. Nimeikamua vizuri, imezama na kilo 5 kamili. Nimepiga hesabu: hewa kilo 5 na robo, suti ikipoteza tatu na nusu, inakuja karibu 9. Bawa la kilo 18 ni mara mbili yake. Nimepata la mduara, mfuko mmoja, limetumika kidogo, na bamba la alumini. Muuzaji wa kilo 40 nimemwambia hapana, kanuna.

Mitungi ya chuma nilikwenda kuiangalia. Muhuri wa mwisho ni wa 2009. Nikageuza.

Swali la mwisho. Kuna jamaa ananiambia alumini zikiisha hewa zinanyanyua makalio, na dawa yake ni kipande kirefu cha risasi kinachofungwa kwenye bonde katikati ya mitungi miwili. Nifunge kilo zangu zote hapo ili kiuno kiwe huru?

Fundi Kompresa

2009! Hata bure usichukue.

Dada Mapezi

Hesabu imekaa sawa.

Jamaa yako kasema kweli kuhusu makalio. Alumini ikiisha ni upande wa chini wa mtungi unaoelea, miguu inakwenda juu. Lakini usihamishie zote katikati ya mitungi, maana risasi iliyofungwa hapo haidondoki, utakuwa umejitengenezea chuma kwa mlango wa nyuma. Weka kilo moja au mbili hapo, kwa chini, zilizobaki ziwe kwenye mkanda wa kiunoni. Anza hivyo, kisha jaribu ufukweni Matema penye mchanga wa mita 4, mitungi ikiwa na bar 40 hivi, bawa tupu kabisa. Ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukitoa unashuka kidogo. Kama unashuka tu, punguza nusu kilo, rudia.

Na mkanda huo wa risasi angalia unavyouvaa. Bamba lina mkanda unaopita katikati ya mapaja na kufungwa mbele kwenye bakoli ya kiuno. Wengi wanafunga risasi kwanza, kisha huo wa mapajani unapita juu yake. Siku ukifungua bakoli ya risasi zinaning'inia palepale kwenye mapaja, hazikwendi popote. Vaa mitungi kwanza, funga kila kitu, risasi ziwe za mwisho kabisa, juu ya yote. Kisha ukiwa kwenye mchanga huohuo wa mita 4, mwenzako akiwa amekushika mkono, fungua kweli uone zinaanguka. Zifunge boya na kamba kwanza, kuzitafuta kwenye mchanga wa Matema ni kazi ya siku nzima.